Mwenyekiti wa Kwanza Mwanamke

Ndani ya chama cha wanasaikolojia hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Katibu, basi. Mwaliko wa semina ukichelewa, watu walisema, "Mpigieni Katibu." Kipaza sauti kikianza kukoroma katikati ya hotuba, vichwa viligeuka, "Katibu yuko wapi?" Mwanachama akifiwa, yeye ndiye aliyejua rambirambi zipelekwe kwa nani, na nani asiketishwe karibu na nani msibani. Wenyeviti walikuja na kuondoka, yeye akabaki pale pale, kama kizingiti.

Kazi yake hasa ilikuwa hospitalini, katika kliniki ya afya ya akili. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, ubavuni mwa stoo ya mashuka, kwa hiyo wateja wake walilia huku upande wa pili toroli linasukumwa na mtu anapiga mluzi. Alikuwa na viti viwili vya mto uliochoka, feni iliyogeuka upande mmoja tu, na pazia la kijani aliloshona mwenyewe. Wagonjwa walimpenda kwa sababu hakuwa na haraka. Mtu akinyamaza, naye alinyamaza, mpaka yule mtu achoke kunyamaza.

Ukumbini, kila mkutano mkuu, wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Walijaa viti vyote mpaka mlangoni. Lakini ukiinua macho kutazama meza kuu, uliona tai za shingoni zimepangana, na pembeni kabisa kilemba kimoja kimeinamia kumbukumbu za kikao. Kilemba hicho kilikuwa cha Katibu. Wenyeviti wote tangu chama kizaliwe walikuwa wanaume, na wote walitoka idara moja ya chuo kimoja, kila mmoja akiwa amefundishwa na aliyemtangulia. Kiti kilirithishwa kama shati la kaka kwa mdogo wake. Wa sasa alikuwa mzee mpole mwenye sauti ya chini, aliyewafundisha karibu wote waliokuwa mle ukumbini. Kila mtu alimwita Profesa, naye alimwita kila mwanamke "binti yangu". Katibu alipomuuliza kwa nini hakuna mwanamke kitini, alitabasamu. "Tutafute uwezo kwanza, binti yangu. Jinsia itajileta yenyewe."

Mwaka baada ya mwaka, haikujileta.

Katibu hakuwa peke yake katika vita vya kukidai kiti hicho. Alikuwa na somo yake, mwenye jina kama lake. Walikutana siku ya kwanza chuoni, mhadhiri alipoita jina na sauti mbili zikaitika "Nipo!" kwa pamoja. Darasa zima likacheka. Toka hapo wakawa chanda na pete. Waliazimana viatu, walisomeana matokeo ya mtihani, na mmoja alipougua mwenzake ndiye aliyemfulia. Mama yake Katibu, mjane aliyekuwa na binti huyo mmoja tu, alianza kusema ana mabinti wawili. Kila Somo alipokuja kutembea alikatiwa kipande cha nyama kikubwa kuliko cha binti wa nyumba, na Katibu akilalamika, mama hujibu, "Wewe utakula kesho, upo. Huyu mgeni."

Somo alifungua ofisi yake ya ushauri nasaha mjini, ghorofani, yenye zulia na maua ya kweli. Alikuwa mcheshi, mwenye kicheko cha kufungua milango. Katibu aliandika, Somo alisema. Ndivyo walivyokuwa wakifanya kazi tangu enzi za chuo, na hakuna aliyeona ubaya.

Kisha ukaja mwaka ule mbaya. Katibu alikuwa na mteja, msichana wa sekondari, aliyekuja akiwa hasemi kabisa, na kidogo kidogo akaanza kusema, hata kucheka. Siku moja alitoka chumbani akiaga vizuri, akisema sasa anaona nafuu. Kabla juma halijaisha, akajitoa uhai. Baba yake alikuja kliniki, hakugomba. Aliuliza tu, "Dada, wewe hukuona kitu?"

Swali hilo lilimwingia Katibu kama mwiba wa samaki kooni, halitoki wala halishuki. Alianza kufika kazini na kusimama nje ya mlango wake mwenyewe, mkono juu ya kitasa, asiweze kukizungusha. Aliwaambia wakubwa wake ana vidonda vya tumbo. Akaandikiwa mapumziko. Mama alimchemshia uji, asijue tumbo lile halikuwa na shida yoyote.

Somo ndiye aliyemjia. Hakuuliza mengi. "Njoo ofisini kwangu jioni, nikishafunga," akasema. "Wewe umekalia kile kiti cha msikilizaji mpaka kimekuchosha. Hamia upande wa pili."

Jioni zile zilikuwa nyingi. Katibu alilia juu ya zulia lile mpaka akaona aibu, na alipoona aibu Somo akamwambia, "Lia tu, litakauka." Alieleza mambo ambayo hajawahi kumwambia mtu: kwamba alikuwa akisikia hatua za yule msichana koridoni, kwamba mara moja alitoka nyumbani akajikuta amesimama mbele ya shule yao asijue amefikaje. Alipouliza kwa wasiwasi kama yote hayo yanaandikwa, Somo alimshika mikono.

"Sifungui faili, somo. Jina lako halitaonekana popote. Wewe si mteja wangu, wewe ni mimi."

Akapona, kadiri mtu anavyopona jambo kama lile. Akarudi kazini, akazungusha kitasa. Na kwa kuwa alijua sasa deni la namna ile halilipwi, alimpenda Somo kwa mapenzi ya mtu aliyeokolewa majini.

Miaka iliyofuata ndipo walipoivalia njuga katiba ya chama. Aliyewaongezea nguvu alikuwa mshauri nasaha mmoja kijana, asiyeona tangu utotoni, ambaye kwa uzito wa sauti yake watu walimbandika jina la Redio. Redio alikuwa na hasira zake mwenyewe. Kila uchaguzi ilibidi amnong'oneze mtu mwingine chaguo lake ili amwekee alama, na mara moja aliyemsaidia alimwambia, "Usijali, mimi najua mtu mzuri." Redio akasema siku ile kura yake ilipigwa na mtu mwenye macho asiyeona kitu.

Wote watatu wakaandika pendekezo: kiti cha mwenyekiti kiwe cha zamu, akitoka mwanamume aingie mwanamke, na katika kamati kuu kuwe na nafasi ya wanachama wenye ulemavu na nafasi ya wale wanaofanya kazi mbali na mji mkuu. Pendekezo lilikataliwa, likarudi, likaahirishwa, likaundiwa tume. Tume ikala biskuti na kutawanyika. Katibu akalirudisha tena. Mwisho Profesa mwenyewe alichoka kulipinga, au ndivyo walivyodhani, na likapita. Wanawake walisimama juu ya viti siku hiyo. Somo alimkumbatia Katibu mpaka kilemba kikadondoka, akamwambia sikioni, "Kiti kile ni chako. Mimi nitakuwa mpiga debe wako, na unajua mdomo wangu."

Siku ya uchaguzi Katibu aliamka akiwa mwepesi. Mama alimfungia kilemba kwa mikono yake, akamzungusha mara mbili kama bibi harusi. Ukumbini kila mtu alimpa mkono. Somo hakuwa ameketi mahali pao pa siku zote. Alikuwa safu ya pili, karibu na walimu wa chuo. Katibu alimpungia, naye akapunga kwa haraka, akainama kutafuta kitu mkobani.

Jina la Katibu likapendekezwa, makofi. Kisha mhadhiri mmoja, mwanafunzi kipenzi wa Profesa, akasimama na kutaja jina lile lile. Watu wakadhani amerudia. Akaongeza ubini, na ubini ulikuwa wa Somo.

Ukumbi ukacheka. Mmoja akapaza sauti, "Basi lolote liwalo, atashinda yule yule!" Profesa naye akacheka, akasema kwenye kipaza sauti, "Sheria imesema mwanamke, jamani. Haikusema yupi."

Katibu alisubiri Somo asimame akatae. Somo alisimama. Alirekebisha gauni lake, akasema kwa sauti safi, "Nimekubali."

Wakapewa mapumziko ya chai. Katibu alibaki na kikombe mkononi asichokinywa. Redio alimjia akipapasa kwa fimbo yake, akasimama karibu sana.

"Dada, umekaa peke yako?"

"Niko peke yangu."

"Nina neno baya. Unajua watu wakiona sioni, hudhani pia sisikii. Wananong'ona juu ya kichwa changu kama niko kabatini." Akashusha sauti. "Wanasema mwaka ule hukuwa na vidonda vya tumbo. Wanasema ulipasuka akili. Kwamba ulikuwa unatibiwa, unasikia hatua za marehemu, unapotea njia mpaka kwenye geti la shule. Wanasema mtu wa hivyo hapewi chama."

Katibu alikiweka kikombe chini. Si kwa sababu ya aibu. Aibu ilikuja baadaye. Hatua zile na geti lile alikuwa amevisema mbele ya mtu mmoja tu duniani.

Alimkuta Somo msalani, anajipaka rangi ya mdomo mbele ya kioo. Walitazamana humo kiooni, hakuna aliyegeuka.

"Umewaambia nini?"

"Sikuwaambia kitu, somo."

"Geti la shule wamelijuaje?"

Mkono wa Somo ulibaki hewani. "Profesa aliniita kwake. Aliniuliza tu kama nadhani unaweza kuubeba mzigo. Nikasema umepitia mengi."

"Halafu?"

"Akauliza mengi gani." Somo akafunika rangi yake polepole. "Ni mwalimu wetu. Nilidhani anauliza kwa wema. Na tuseme ukweli, wewe wangekukataa tu. Wanakuogopa, unawasumbua. Mimi wananikubali. Nikiingia mimi, si tumeingia wote? Ni bora kiti kiende kwa mwanamke wanayemtaka kuliko kisiende kabisa."

"Kilikuwa kinakuja kwangu," Katibu alisema. "Kilikuwa kimeshafika mlangoni."

Mwanamke mwingine akaingia, akawaona, akasema kwa furaha, "Masomo hao! Kampeni mpaka chooni?" Wote wawili wakatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomuuma Katibu kuliko yote, kwamba hata wakati ule nyuso zao zilijua kwenda pamoja.

Wagombea wakaitwa kusema. Somo alisema vizuri, kama kawaida yake. Maneno mengine Katibu aliyatambua. Alikuwa ameyaandika yeye. Ilipofika zamu yake, kabla hajamaliza salamu, mkono ukainuka nyuma. "Tunaomba mgombea atuhakikishie hali ya afya yake. Kwa nia njema." Profesa angeweza kulizima swali lile kwa neno moja. Akasema, "Ni haki ya wajumbe kuuliza. Jibu, binti yangu, ukipenda."

Katibu alikunja karatasi yake.

"Ndiyo," alisema. "Nilifiwa na mteja, nikaumia, nikatafuta msaada. Kila siku tunakaa redioni tukiwaambia watu kutafuta msaada si udhaifu. Tunaenda mashuleni, tunaenda viwandani, tunawaambia msione haya. Sasa mimi nawauliza wenzangu: tulikuwa tunawaambia wao tu? Na huyo aliyewaletea habari zangu, mmemuuliza alizipata wapi?"

Makofi yaliyopigwa yalitikisa madirisha. Wengine walisimama. Redio aligonga fimbo yake sakafuni kwa nguvu. Katibu alirudi kwenye kiti akijua ameshinda, na kwa muda wa kuhesabu kura alikuwa tayari anamtafutia Somo maneno ya kumsamehe.

Lakini makofi si kura. Kura zilipigwa kwa siri, na katika siri watu wale wale waliosimama waliinamisha vichwa, wakakumbuka neno "alipasuka", wakakumbuka pia nani husahihisha tasnifu zao. Somo alishinda.

Redio za kweli zilitangaza jioni: chama cha wanasaikolojia chapata mwenyekiti wa kwanza mwanamke. Mama yake Katibu alisikia jina, hakungoja ubini. Alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Katibu alipofika nyumbani alikuta uani watu wamejaa, mama amejifunga kitambaa kiunoni, anacheza na goti lake bovu.

"Mwenyekiti huyoo!"

Ikabidi aseme mbele ya wote. "Si mimi, mama. Ni somo yangu."

Mama akasimama kidogo, kisha akacheka. "Basi si mamoja? Yule si mwanangu pia?" Akaendelea kucheza. Katibu aliingia ndani, akavua kilemba, akakaa kitandani akisikia vigelegele vikiendelea, kwa jina lake, kwa mtu mwingine.

Alijiuzulu ukatibu. Akapeleka malalamiko kwenye kamati ya maadili, kwamba mshauri nasaha ametoa siri ya mteja. Alipoitwa, walikuwa wapole mno. Wakamuuliza kama alilipia. Hakulipia. Kama alitia saini popote. Hapana. Kama kuna faili. Alinyamaza, na safari hii kunyamaza hakukuwa ufundi wa kazi. Wema aliofanyiwa jioni zile, wa kutoandikwa popote, ndio uliogeuka kuwa kitanzi. Kamati ilisema mazungumzo ya marafiki hayana ulinzi wa kanuni, na ikawashauri wapatane.

Huko kitini mambo yalikuwa kama yalivyotarajiwa na wenye akili. Profesa alipewa cheo kipya cha mlezi wa chama, akakaa kulia kwa Somo, na kila Somo alipofungua mdomo alimtazama kwanza. Nafasi ya wanachama wenye ulemavu ikaahirishwa "mpaka utaratibu ukamilike". Redio alisema utaratibu huo lazima uwe na mimba ya tembo, maana hauzai. Magazetini picha ya Somo ilipendeza.

Ilipita miezi kabla Somo hajaja nyumbani kwa Katibu. Alikuja Jumapili mchana, amepungua uso. Mama ndiye aliyefungua. "Mwanangu, umetutupa! Uheshimiwa umekulevya?" Akamvuta ndani, akamkalisha, akaagiza chai. Na Katibu, ambaye hakutaka kumvunja mama yake moyo, alichemsha chai, akaipeleka sebuleni, akamwekea mgeni sukari bila kuuliza, kwa kuwa mkono ulikuwa bado unajua ni kiasi gani. Walikaa wakimsikiliza mama akisimulia goti lake. Somo alicheka mahali pa kucheka.

Getini, walipokuwa wawili, Somo alisema, "Wananitumia, somo. Kila kitu kinaamuliwa kabla sijaingia. Sina hata mtu wa kumwambia."

Katibu alimtazama. Alijua kabisa mtu anayesema hivyo anahitaji nini. Ndiyo kazi iliyomlisha maisha yake yote. Alihitaji kukalishwa, asikilizwe, asiharakishwe.

"Hata mimi sina," alisema. "Washauri wote nchi hii ni wanachama. Wote walikuwa ukumbini. Nikitaka kulia leo, nikalie kwa nani?"

"Nisamehe."

"Nimejaribu. Naamka nimekusamehe, ikifika saa ya chai nimekukasirikia upya." Akashika komeo. "Ukija, njoo kwa mama. Yeye hana kosa, na anakupenda. Mimi nitakuchemshia chai. Zaidi ya hapo usinidai."

Ndivyo ilivyobaki. Somo alimaliza muhula wake, kiti kikarudi chuoni, kwa mwanamume, kama zamu ilivyotaka. Nafasi ya Redio ilipatikana baadaye sana, baada ya yeye na wenzake kugoma kutoka ukumbini. Katibu alikwenda kuwapelekea maji, akakaa nao sakafuni, lakini hakuomba tena kura ya mtu. Watu bado wanamwita Katibu. Ukimuuliza mama yake, atakwambia ana mabinti wawili, na mmoja alikuwa mkubwa serikalini.

Kazi anaendelea nayo. Juzi tu aliingia mteja mpya chumbani mwa pazia la kijani, mwanamke wa makamo aliyeketi ukingoni mwa kiti, mkoba ameupakata. Kabla ya kusema lolote aliuliza, "Dada, nikikuambia, utamwambia mtu?"

Kuna sentensi ya kujibu swali hilo. Katibu ameifundisha kwa wanagenzi wengi, ina kanuni ndani yake, za siri ya mteja na mipaka yake, na zamani ilimtoka kama salamu. Siku hiyo haikutoka. Upande wa pili wa ukuta toroli lilipita na mashuka yake. Mwanamke alimtazama usoni, akisubiri.

"Hapana," Katibu akasema.

Mwanamke hakuonekana kuridhika. Akaukumbatia mkoba wake, akaendelea kumtazama, na Katibu akamwacha amtazame kadiri atakavyo.